Kilo Ishirini na Tatu za Mbao

Jumatatu tarehe 2 Machi 1981, Jefwa Kambi aliandikwa kazi ya kupima mizigo katika kiwanja cha ndege cha Mkwajuni, kaskazini ya mto Sabaki. Jina lake ni la kumi na moja katika daftari la wafanyakazi, na sahihi yake ni ya wino wa buluu, herufi zimesimama moja moja, hakuna iliyomgusa mwenzake.

Mkwajuni hapakuwa na makuu. Hapo mwanzo palikuwa ni ukanda wa mchanga uliofyekwa na mwenye shamba la katani, bwana aliyekuwa na kindege cha injini moja na asiyependa vumbi la barabara ya Malindi. Bei ya katani ilipoanguka, shamba liliuzwa vipande vipande, na kampuni moja ya kusafirisha watalii ikachukua kile kipande cha ndege. Mwaka 1972 kampuni ilileta tingatinga, ikakirefusha kiwanja upande wa kusini na kushindilia kokoto nyekundu. Alipoingia Jefwa, mali yote ya kiwanja ilikuwa hii: banda la mabati lenye benchi mbili na dirisha la tiketi, redio ya kuzungumza na marubani, soksi ya upepo iliyopauka kwa jua, mapipa ya mafuta chini ya turubai, ndoo nane za mchanga wa kuzimia moto, na choo kimoja ambacho ufunguo wake ulifungwa kwenye gogo ili usipotee mfukoni mwa mtu. Na mizani.

Mizani ndiyo iliyokuwa ya Jefwa. Ilikuwa ya chuma, yenye sahani ya kukanyaga chini na uso kama wa saa juu. Ndege iliyokwenda Nairobi ilibeba watu tisa, na ndege ya watu tisa haitaki mzaha: kila mtu alipimwa pamoja na mzigo wake, ndipo rubani akajua nani akae mbele na nani nyuma. Baada ya mwaka mmoja Jefwa alikuwa anaweza kumtazama mtu akishuka garini na kumtajia uzito wake, akakosea kilo moja au asikosee kabisa.

Siku moja Bi Kaltuma wa Mambrui, aliyekuwa anakwenda kumwona bintiye aliyejifungua, aligoma kupanda.

"Panda mama, ni dakika moja tu."

"Nipande nini? Mimi si gunia la nazi, mwanangu."

"Ni sheria ya ndege. Hata wazungu wanapanda."

"Wazungu hawana haya. Wewe nitazame tu, kisha uandike."

Jefwa alimtazama mara moja, akaandika sabini na nane.

"Toa hiyo nane," alisema Bi Kaltuma, aliyekuwa amenyoosha shingo juu ya karatasi. "Uache sabini, tuwe wazuri."

"Mama, ndege haidanganyiki."

"Basi sabini na tano, na hizo zilizobaki atazijua Mwenyezi Mungu."

Watu walicheka mpaka rubani akachungulia. Bi Kaltuma alisafiri na kilo zake sabini na nane. Jefwa hakuwa mtu wa kupunguza namba.

Karatasi za mizigo zilikuwa na nakala tatu, moja ya rubani, moja ya mpokeaji, moja ya jalada. Juu yake palikuwa na nafasi ya tarehe, ya uzito, ya unakopelekwa mzigo, na nafasi moja iliyoandikwa "Yaliyomo". Kanuni ilikuwa kwamba mzigo uliofungwa ufunguliwe kwanza, ndipo nafasi hiyo ijazwe. Kwa karibu miaka mitatu Jefwa alifungua kila kilichofungwa: makopo ya asali, papa mkavu, hata sanduku la nguo za bibi arusi ambalo shangazi mtu alilililia.

Ili kuelewa siku aliyoacha kufungua, lazima turudi kwenye tingatinga la mwaka 1972. Pale mwisho wa kusini lilipopita palikuwa ni kwao. Baba yake, mzee Kambi, alikuwa na nyumba nne hapo na minazi. Kampuni ililipa minazi, familia ikahamia nusu maili upande wa magharibi, na kila kitu kikahama isipokuwa kimoja.

Kigango hakihami. Huo ndio mwiko wa Wagiriama. Mzee aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wakuu, akifa, kisha akaanza kuwajia watu wake ndotoni, huchongewa mti mgumu wenye kichwa cha mviringo, shingo, na mwili bapa uliotiwa pembetatu ukingoni, ukasimikwa uani. Toka siku hiyo mti ule ndiye yeye. Watu wakihama, mahali papya huwekwa kijiti kidogo cha kumkumbukia, naye mwenyewe huachwa aliposimama hata kama uani pamekuwa pori. Babu wa Jefwa alisimikwa mwaka 1953. Mwaka 1969 mti ulipasuka shingoni, na mzee Kambi akauzungushia ukanda wa bati na kuupigilia misumari minne kwa mstari. Baada ya kuhama, babu alibaki nje ya ua wa seng'enge, hatua mia moja kutoka mwisho wa njia ya ndege, na vitambaa vyake vyekundu na vyeupe vikipepea kila ndege ilipopita juu.

Jina la babu huyo lilikuwa Jefwa. Mjukuu alilichukua, kama ilivyo desturi, ndiyo maana dada yake mkubwa, Kahonzi, tangu Jefwa alipokuwa anatambaa alimwita Tsawe, yaani babu. Mzee Kambi alipofariki, ni Kahonzi aliyeshika kazi ya kumpelekea babu tembo la mnazi. Na jambo la kwanza ambalo watoto wa nyumba ile walifundishwa, kabla ya kujua kufunga nguo, ni kwamba mbele ya kigango hasimami mtu mikono mitupu. Ukienda, nenda na tembo. Huna tembo, pita mbali na ugeuze uso.

Ijumaa tarehe 17 Februari 1984, saa mbili na nusu asubuhi, gari la kukodi kutoka Malindi lilishusha mtu wa duka moja la vinyago la Nairobi na mizigo mitatu. Miwili ilikuwa ni twiga wa mbao, Jefwa akaifungua, akaipima, akaifunga. Wa tatu ulikuwa mrefu, umeshonewa ndani ya gunia kwa kamba ya katani.

"Ndani mna nini?"

"Mbao. Mbao kuukuu tu," alisema yule mtu, na kuangalia saa yake.

Msimamizi wa kiwanja, Bwana Mwaura, mtu wa Nyeri aliyekaa pwani miaka minane bila kulizoea jua lake, alipiga kelele kutoka dirisha la redio. "Jefwa! Rubani anasema upepo unageuka. Usiniletee ukarani wako leo!"

Jefwa aliulaza ule mzigo juu ya sahani na kuushika usianguke. Kupitia gunia kiganja chake kilikutana na kitu cha mviringo, kikashuka, kikakutana na shingo. Kwenye shingo palikuwa na ukanda wa kitu cha baridi, na juu ya ukanda vichwa vinne vya misumari, kwa mstari.

Mkono ulijua kabla ya kichwa. Na kichwa kilipojua, kilijua na hili: akikata ile kamba atakuwa amesimama uso kwa uso na babu yake, saa mbili na nusu asubuhi, mikono mitupu, penseli sikioni. Mwiko aliolishwa utotoni ulimkamata mkono. Alisema baadaye kwamba hakufikiria wizi hata kidogo. Alifikiria jinsi ya kutoonekana.

Akageuza uso. Mshale ulisimama kwenye ishirini na tatu. Kwenye nafasi ya yaliyomo akaandika "mbao", kwenye nafasi ya unakopelekwa akaandika Nairobi, akatia sahihi. Ndege iliruka kuelekea kusini, ikapita juu ya ua.

Hakwenda kutazama. Njia yake ya kwenda nyumbani ilipita pale, lakini tangu jioni hiyo alianza kuzunguka na barabara kuu, na mkewe alipouliza sababu alisema mchanga unaunguza.

Siku kumi hivi baadaye, saa saba mchana, ndege ya asubuhi imekwenda na ya jioni haijaja, Jefwa alikuwa peke yake bandani anapanga karatasi. Nyuma yake sahani ya mizani ililia, kwaa, vile inavyolia mtu anapoweka mguu wa kwanza. Kisha ikalia mara ya pili, mguu wa pili. Bila kuinua kichwa akasema aliyozoea kusema: "Simama katikati, usishike ukuta."

Akageuka. Sahani ilikuwa ikitikisika kidogo na mshale ulikuwa kwenye sifuri. Vumbi jepesi lililokuwa juu ya chuma halikuwa na alama ya unyayo.

Alimweleza mlinzi wa kiwanja, Musembi, Mkamba wa Mwingi, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye akiwa lindoni alichonga vifaru vya mti na kuwauzia wageni.

"Ni bati, karani," alisema Musembi. "Bati la juu likipata moto linajinyoosha, na chuma cha chini kinalijibu. Huko kwetu nyumba nzima inaongea."

"Mbona linajinyoosha mara mbili tu?"

"Unataka lijinyooshe mara ngapi? Kunywa chai."

Kila siku saa nne Musembi alipika chai kwenye mafiga nyuma ya stoo, akamletea Jefwa kikombe cha bati kabla ya kunywa chake. Hakuwa amekosa siku hata moja tangu 1981.

Mizani ililia tena kesho yake, na kesho kutwa, saa ile ile. Fundi aliitwa kutoka Malindi, akaifungua, akaitia grisi, akaandika kwamba ni nzima. Wiki ya tatu Jefwa aliacha kusema simama katikati. Sahani ikilia alilaza penseli mezani, akasimama wima mpaka itulie. Mlio haukumtisha sana. Kilichomtisha ni ule mshale. Yeye aliyeweza kumkadiria mtu yeyote kwa jicho alijua ni watu gani hupanda mizani bila kuongeza hata nusu kilo.

Masika ya mwaka ule hayakuja. Mahindi yalitoka kidole kimoja, yakageuka rangi ya karatasi. Mbuzi walikula makuti. Mwisho wa Aprili mtoto wa mwisho wa Kahonzi alishikwa na homa isiyosikia dawa ya zahanati, na Kahonzi akajaza kibuyu tembo, akaenda kumwomba babu mvua na mtoto. Hazikupita dakika nyingi, akaingia bandani na kibuyu chake kimejaa vile vile.

"Tsawe, babu hayuko."

Jefwa aliweka karatasi chini. "Hayuko vipi?"

"Pana shimo. Nimetia mkono mpaka kiwiko."

"Labda ameanguka. Labda mchwa."

"Mchwa huacha vumbi. Hapa pameng'olewa, na mdomoni mwa shimo buibui ameshatanda." Alimtazama nduguye, kisha akageuza macho mlangoni. Musembi alikuwa ameketi pale na kisu, anamtoa kifaru pembe. Vipande vyeupe vya mti vilianguka kati ya miguu yake. Kahonzi alivitazama vile vipande muda mrefu.

"Wewe hupita pale kila siku," alimwambia.

"Napita kila mahali, mama. Ndiyo kazi."

"Na mti unaujua."

Musembi aliacha kuchonga. "Mti naujua," alisema polepole. "Watu wa kuwaibia, siwajui."

Jioni hiyo kijiji kizima kilikuwa na jibu. Mkamba, mlinzi, mchongaji, na anajuana na wenye maduka ya vinyago: ungetafuta mwizi gani mwingine? Watoto walianza kumwita Mng'oa Babu. Mwenye kibanda cha chakula akamwambia kwamba maharagwe yamekwisha, na sufuria iko wazi mbele yake. Mtoto wa Kahonzi alipona baada ya siku nane, lakini mvua haikuja, na mahali pasipo mvua shutuma haikosi maji.

Walisema waende polisi. Mzee Kiponda, mkubwa wa wazee wa pale, mkata makonge wa zamani mwenye kucheka kwa sauti na kusahau kwa haraka, alikataa. "Polisi watataka risiti. Babu yenu mlimnunua wapi hata muwe na risiti?" Akasema italiwa papai. Hicho ni kiapo, kiraho kama wanavyokiita: mganga mwenye kibali hulitia dawa papai bichi, likakatwa vipande, watuhumiwa wakala mbele ya watu. Asiye na hatia humeza akaenda zake. Mwenye hatia huvimba mdomo na koo. Siku ilipangwa, Jumamosi tarehe 9 Juni, na mahali ni pale pale penye shimo. Walioitwa kula walikuwa watano, wote wafanyakazi wa kiwanja waliotoka mbali. Jefwa hakuitwa. Yeye alikuwa mwenye kuibiwa.

Siku mbili kabla, saa nne, Musembi alileta chai kama kawaida, lakini hakuondoka.

"Karani, wewe unanijua."

"Nakujua."

"Papai siogopi. Nimekula mapapai ya pwani miaka kumi na moja. Naogopa moyo. Mtu akiogopa, koo linajifunga lenyewe, watu waseme mmeona." Alijipapasa shingo. "Nina watoto watano Mwingi. Nikitoka hapa na jina hilo, hakuna lango nitakalolinda tena. Sasa, karatasi zote za mizigo ziko kwako. Tazama tangu Desemba. Kama kuna siku nilipeleka mzigo, au mtu alipeleka kwa jina langu, sema. Kama hakuna, njoo Jumamosi useme hakuna. Wewe ndugu yao, watakusikia."

"Nitatazama," alisema Jefwa.

Hakuwa na haja ya kutafuta. Aliitoa nakala ya tarehe 17 Februari jaladani kama mtu anayetoa mwiba anaoujua ulipo. Mwandiko wake, safi, umesimama. Karatasi yenyewe ilikuwa nyepesi. Ingetosha kuikunja na kuitia kwenye mafiga ya Musembi, na isingebaki kilo hata moja duniani.

Bwana Mwaura aliikuta mkononi mwake. Alisoma, akaelewa upesi kuliko Jefwa alivyotarajia, kwa kuwa naye alikumbuka upepo wa asubuhi ile.

"Rudisha hiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikosea fomu, nami nilikuharakisha, yamekwisha. Ukiitoa nje, kesho itasemwa kiwanja hiki kinasafirisha wazee wa watu. Kampuni itakufukuza kabla ya saa sita. Na mimi nitakuwa wa kutia sahihi."

"Na Musembi?"

"Musembi atakula papai. Si ni tunda?"

Saa saba ilifika wakiwa wamesimama hivyo. Sahani ya mizani ikalia mara moja, ikalia mara ya pili. Mwaura aligeuka kutazama nani ameingia. Hapakuwa na mtu. Aliutazama mshale, akamtazama Jefwa, akatoka nje kwenye jua bila kofia.

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko walioitwa. Walisimama nusu duara, na katikati palikuwa na shimo, ambalo hakuna aliyelikaribia zaidi ya Kahonzi. Jefwa alisimama upande wa wenye nyumba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika hapo tangu Februari, na aliona kwamba shimo lilikuwa jembamba kuliko lile aliloliona kichwani kila siku. Hakuwa na tembo. Alikuwa na karatasi ndani ya shati.

Mganga alikata papai kwa kisu chenye mpini wa pembe. Mzee Kiponda alitangaza sheria, kisha akashindwa kujizuia: "Nanyi mkivimba msilaumu pilipili, hatukutia!" Watu wachache walicheka. Aliitwa wa kwanza Musembi.

Alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alikitwaa kipande, na mkono wake, ule mkubwa uliozoea kisu, ulikuwa ukitetemeka hata maziwa ya papai yakamchuruzika kwenye kifundo. Mtu wa nyuma akasema, "Tazama, kabla hajala!" Musembi alimtafuta Jefwa kwa macho, akampata.

"Asile," alisema Jefwa.

Kiponda aligeuka. "Unasemaje?"

"Nimesema asile. Nina karatasi."

Aliitoa. Na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusema jambo hilo, alilisoma kama alivyomsomea rubani kila asubuhi. "Tarehe kumi na saba Februari. Ndege ya saa tatu. Mzigo mmoja, umefungwa. Uzito, kilo ishirini na tatu. Yaliyomo, mbao. Unakopelekwa, Nairobi. Mpimaji, Jefwa Kambi." Akakunja karatasi. "Sikufungua. Niliushika, nikagusa misumari minne ya baba. Nilimjua. Nikaona haya kumfungua mikono mitupu, nikaandika mbao."

Soksi ya upepo ilisikika ikipigapiga mlingoti upande wa pili wa ua. Mganga aliweka kisu juu ya jani la mgomba na kuanza kuvifunika vile vipande.

Kahonzi alikuja mpaka karibu na nduguye. Hakuinua mkono wala sauti.

"Ulimpima amesimama au amelala?"

"Amelala."

Alivuta leso yake, akajifunika kichwa na uso mzima, na akabaki amesimama hivyo. Tangu siku hiyo hakumwita tena Tsawe.

Musembi alikiacha kipande cha papai kikaanguka mchangani. Akajifuta mkono kwenye lile shati jeupe. "Tangu Aprili, Jefwa," alisema. "Kila siku saa nne unapokea kikombe mkononi mwangu. Unasema asante." Alipasua nusu duara ya watu, nao walimpisha wakitazama chini, na mwenye kibanda cha chakula akaanza kusema jambo na hakulimaliza. Wiki hiyo hiyo Musembi aliomba likizo ya kwenda Mwingi, na hakurudi.

Wazee walikaa kitako hapo hapo. Mzee Kiponda alipozungumza hakuwa na utani. Kigango kingine, alisema, hakiwezi kuchongwa. Mwenyewe hajafa mara ya pili, yuko njiani. Ukimsimikia mti mwingine atarudi akute amekaa mtu kwenye kiti chake. Shimo lisifukiwe. Kahonzi ataendelea kuleta tembo na kulimwaga humo, ili akija akute watu hawakumsahau. "Na aliyemtia ndegeni," alisema, "amfuate."

Jumatatu Bwana Mwaura alitia sahihi barua ya kumfukuza kazi, na saa yenyewe ilikuwa tano na robo. Hakumtazama usoni. Aliuliza jambo moja tu: "Ile mizani. Wewe ulikuwa unaifanyaje?"

"Nilikuwa nasimama mpaka itulie," alisema Jefwa.

Jumanne alipanda basi la Nairobi na ile nakala. Duka alilipata, ghorofa ya chini, karibu na soko la jiji. Mwenye duka alisoma karatasi na kufungua daftari lake kwa wema kabisa. Kile kilichofika Februari, alisema, kiliondoka tarehe 3 Machi kwenda ng'ambo. Aliyekinunua alikuwa mgeni wa kupita, hakuacha anwani. "Lakini kama unataka cha namna hiyo, ninavyo."

Akavuta pazia. Kwenye ukuta wa nyuma, chini ya taa ya umeme, vilikuwa vimeegemezwa vigango tisa. Vingine vilikuwa bado na nyuzi za vitambaa. Kila kimoja kilifungwa kikaratasi shingoni. Jefwa alihesabu nyuso tisa za wazee wa watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake, naye amesimama mbele yao hana kitu mkononi. Alitoka dukani kinyumenyume, na mwenye duka, aliyefikiri kwamba mteja ameshtushwa na bei, alimfuata mpaka mlangoni akisema watapatana.

Hakurudi pwani. Alikwenda Embakasi, kwenye uwanja wa kimataifa, uliofunguliwa upya mwaka 1978 na jengo la zege lililopinda kama bakuli lililokatwa katikati. Njia yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita nne. Mkwajuni yote ingeingia humo mara tano. Huko ndiko karibu kila kilichotoka Kenya kwa ndege kwenda nchi za mbali hupitia. Jefwa alikaa langoni mwa bohari za mizigo siku kumi na sita, akiwaomba wasimamizi kazi, mpaka mmoja alipomtajia uzito wa katoni kumjaribu na Jefwa akasema umekosea, akataja uzito wenyewe. Katoni ilipimwa. Aliajiriwa mpakiaji.

Yuko huko mpaka leo, mwaka 1987. Hupakia maua, maharagwe mabichi na vinyago vya mti, na mzigo wowote mrefu uliofungwa huufungua, hata kama rubani anapiga kelele. Kwa hilo ameonywa kwa barua mara mbili. Amekwisha kuvikuta vigango vitatu na kuvizuia. Vyote vilikuwa vya watu wengine, kimoja cha Kaloleni, viwili havikujulikana. Katika mkoba wake hubeba chupa ndogo ya tembo, na wenzake humtania kwamba ni mlevi asiyekunywa. Mizani za bohari ni kubwa na hufanya kazi mchana kutwa, kelele ni nyingi, na akiulizwa kama amewahi kusikia chochote juu ya sahani ilhali haina mzigo, Jefwa hujibu kwamba saa saba yeye hutoka nje.

Kahonzi bado hamwandikii. Habari za nyumbani huzipata kwa dereva wa basi: mvua ilirudi mwaka 1985, na shimo liko wazi.

Mwezi uliopita aliomba kubadilishiwa zamu. Kuanzia tarehe 1 Septemba atafanya kazi upande wa pili wa bohari, wa mizigo inayoingia kutoka nje.